Mjukuu Roja wa Dar

Niseme mapema kabisa: mimi ni mtu wa Sean Connery. Nimezaliwa Ipogolo, Iringa, na James Bond wangu wa kwanza, yule jasusi wa kwenye muvi, nilimwona kwenye kibanda umiza, nimekalia tofali, umeme wa Luku ukiisha katikati ya mapigano na mwenye kibanda akigoma kurudisha hela. Stelingi alikuwa Connery. Mtu hasahau stelingi wake wa kwanza. Nalisema hili kwa sababu siku hizi, hapa Mbeya, kuanzia Mafiati mpaka Kabwe, watu wananiita Roja.

Ugomvi wa nani ni Bond zaidi, Connery au Roger Moore, ni wa kwa fundi. Cherehani yake iko barazani hapo Mwanjelwa, mlango wa pili kutoka duka ninalouzia balbu na nyaya, na kijiwe chote kinamzunguka yeye. Kwenye ubao wa kukatia vitambaa ameandika kwa chaki ya bluu idadi ya muvi za Bond za kila mmoja: CONNERY 6, MOORE 7. Haifuti. Mteja akipimwa kiuno, anasoma.

Hiyo sita ndiyo inayoninyima usingizi. Connery alianza 1962, akapiga tano mpaka 1967, akaacha, akarudi 1971. Sita, hapo hatugombani. Lakini 1983 si alirudi tena kwenye Never Say Never Again? Jina Bond, namba 007, sura ni ile ile. Saba! Fundi anasema ile haihesabiki kwa sababu haikutengenezwa na Eon, kampuni yenye Bond wake. Eti ni kama timu ya mtaani kuvaa jezi ya Yanga kisha idai ubingwa. Tena anakumbushia kwamba mwaka huo huo Roger Moore alikuwa na Octopussy, na Octopussy ndiyo iliyoingiza hela zaidi. "Walipanga bidhaa soko moja," anasema, "mwenzako akarudi na mzigo nyumbani." Hilo la kurudi na mzigo ni uongo, ile muvi iliuza vizuri tu, lakini mbishane na mtu mwenye mkasi mkononi muone.

Siku hiyo nikaamua kumpiga kwenye kazi yake. Nikamwambia, huyo unayemdharau alitengenezwa na fundi nguo kama wewe. Connery alikuwa kijana wa Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa. Mwongozaji wa muvi ya kwanza, Terence Young, ndiye aliyempeleka kwa fundi wake wa suti London, na inasimuliwa kwamba alimwambia alale nazo ili mwili uzizoee.

Fundi akatoa pini mdomoni taratibu, moja moja, akazichomeka kwenye kola. "Mwanaume anayefundishwa kuvaa suruali," akasema. "Moore alikuja amevaa."

Kijiwe kikalipuka. Dogo wa simu akadakia na Tom Cruise wake: London, 2017, karuka kutoka ghorofa moja kwenda jengo la pili, kifundo cha mguu kimevunjika, kainuka, kakimbia mpaka akaipita kamera, na kipande hicho wamekiacha kwenye muvi. Mwalimu mstaafu, ambaye huja kusoma gazeti la fundi bure, akasema bila kuinua macho kwamba huo si ujasusi, ni kesi ya bima. Yeye mtu wake ni Gary Oldman kwenye ile ya 2011, Tinker Tailor Soldier Spy, iliyoongozwa na Tomas Alfredson, Mswidi, ambamo jasusi ni mzee mwenye miwani anayekaa kwenye viti mbalimbali. Aliyeandika kitabu chake, John le Carré, alifanya kazi hiyo kweli huko Uingereza, kwenye idara za ujasusi za MI5 na MI6. "Jasusi halisi," akasema Mwalimu, "hata aliyemuuzia karanga hamkumbuki." Dogo akasema alilala ile muvi. Mimi pia nililala, ila sikusema.

Nilichosema ni kitu cha kijinga zaidi. Nilisema kumfuata mtu bila yeye kujua ni suala la kujiamini tu, na kwamba mimi naweza.

Fundi akaangalia barabarani. Akaangalia kwa muda, sasa nakumbuka. Kisha akanyoosha futi yake: "Mfuate yule mzee wa koti la kahawia mpaka anakokwenda. Asikuone. Ukishindwa, supu ya wiki nzima ni juu yako."

Ilikuwa Juni, ukungu bado haujapanda, baridi ya Mbeya ile ya kutafuna masikio. Nilivaa koti langu jeusi refu la mtumba, nikapandisha kola, nikaweka miwani ya jua. Kwenye miwani ya jua ndani ya ukungu huoni kitu. Kabla sijafika upande wa nafaka nilishagonga mkokoteni wa parachichi, na mwenye mkokoteni akanitangaza kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mlima Loleza.

Kwenye muvi, anayefuata anajifanya anaangalia kioo cha duka. Maduka ya pale vioo vimefunikwa na madera na vitenge. Nikasimama nikikodolea dera la maua, dada akatoka: "Shemeji, la wife hilo? Saizi gani?" Nikakimbia na bei masikioni.

Mzee akapanda bajaji ya Uyole. Nikarukia ya nyuma yake, nikasema lile neno ambalo nimelisubiri maisha yangu yote: "Fuata bajaji ile!"

Dereva akageuka akanitazama. "Bado mmoja."

"Kaka, inaondoka!"

"Na sisi tutaondoka. Bado mmoja tu, sogea huko."

Tulisubiri huyo mmoja. Akaja mama na kuku wawili. Nililipia kiti chake, kwa sababu alikuwa hajaamua kama anakwenda au la.

Nilishakata tamaa, lakini maeneo ya Nane Nane nikaiona bajaji ya mzee imepaki pembeni, naye anapanda tena akifunga zipu. Nikamshukuru Mungu. Uyole akashuka, akakata kushoto, akapita kwenye magunia ya viazi yaliyovimba kama wajawazito, akaingia njia ya migomba. Nikaingia. Akakunja kona. Nikakunja.

Msiba.

Turubai, masufuria, wanaume kwenye viti vya plastiki, moshi. Na mimi katikati ya uwanja, koti jeusi, kola juu, miwani ya jua. Kukawa kimya kidogo. Halafu mama mmoja akashika kichwa: "Mjukuu wa Dar kafika!"

Kilio kilichofuata sitakisahau. Nilikumbatiwa na watu kama kumi na tano. Bibi mmoja mkongwe akanishika mashavu, akanisalimia kwa Kinyakyusa, maneno marefu yenye machozi ndani yake. Mimi ni Mhehe. Kinyakyusa changu chote ni neno moja, la asante. "Ndaga," nikasema.

"Mnaona!" bibi akawageukia wenzake. "Watoto wakienda Dar, lugha inabaki ndaga tu."

Kijana mmoja akauliza, lakini si alipiga simu kwamba basi lao limekwama Kitonga? Akajibiwa kwamba limekwamuka, huyu hapa, huna macho?

Marehemu alikuwa bibi wa miaka tisini na kitu, ameondoka usingizini, na nilisikia vitu vizuri sana juu yake siku hiyo. Nilianza kumlilia kweli. Nikasogea meza ya rambirambi nikatoa elfu tano, ndipo mwandishi, kijana mwenye daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaniuliza jina. Jina langu sikuweza kutoa. Kichwani mlikuwa na kelele za asubuhi tu.

"Roger," nikasema. "Roger Moore."

Akaandika Roja. Akasimamisha kalamu. "Mua?"

"Eeh."

"Aa, Mwa." Akaandika Mwa, akasubiri. Mbeya majina nusu yake yanaanza hivyo. "Mwa nani?"

"Hivyo hivyo."

"Hakuna Mwa hivyo hivyo, kaka. Malizia."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikasema nitakuja kumalizia. Akaacha nafasi, akachora kimstari.

Nilitaka kutorokea vyooni, nikakutana na jembe. Vijana wa ukoo wanachimba, na mjukuu ni kijana wa ukoo. Kwenye muvi ya 1967 Connery alizikwa baharini kwa uongo ili maadui wadhani amekufa, dakika mbili tatu yuko ndani ya nyambizi anapangiwa kazi. Mimi nilichimba kaburi la kweli, futi kwa futi, na koti la London. Kiganja changu cha kulia kina alama mpaka leo. Nikiinua kichwa namwona yule mzee wa koti la kahawia kakaa kwenye kivuli na kikombe cha chai. Hakuniangalia hata mara moja. Nikajisifu moyoni: hajanijua.

Mchana rambirambi zikasomwa kwenye spika. "Ndugu Roja Mwa..." msomaji akasogeza daftari machoni. "Mwa... hapa mwandishi ameacha pengo. Elfu tano, kutoka Dar." Watu wakanipigia makofi ya huruma. Nilikula wali na maharage, nikaaga kwamba naenda kununua vocha.

Kesho yake asubuhi niko barazani nawasimulia ushindi wangu, mzee wa koti la kahawia akaingia na suruali ya kukunjwa. Akamkabidhi fundi. "Mpwa," akasema, "hii inchi mbili."

Mpwa!

"Uliniona saa ngapi, mzee?" nikauliza, mdomo umekauka.

"Mwanangu, miwani meusi kwenye ukungu? Tangu kwenye parachichi. Halafu bajaji yenu ilikuwa haijai. Ilibidi Nane Nane nimwambie dereva nimebanwa mkojo ili mtufikie."

Mwalimu alikunja gazeti, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Mzee akaingiza mkono kwenye koti lile lile, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mjukuu halisi aliwasili usiku, akaeleza yeye ni nani, ila ukoo ulishanipenda na daftari lilishaandikwa. Kikao cha arobaini kimenipangia mchango wa elfu thelathini na gunia moja la mkaa. Jina: Roja Mwa, pengo, kimstari.

Nimelipa nusu. Bibi alinishika mashavu, ningefanyaje?

Supu nayo nimenunua siku tano, bado mbili. Fundi anakunywa yake polepole, anafuta mikono, halafu anauendea ubao. Ile 7 ya Moore aliifuta kwa kidole gumba siku ile ile mjomba wake alipoondoka. Ya Uyole, anasema, imetengenezwa na Eon.

CONNERY 6, MOORE 8.