Gazeti la kibanda cha chai

Wasomi wa Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, wamelibeza Dina Thanthi, gazeti la kila siku la Kitamili, kwa miaka mingi. Eti ni gazeti la mauaji, fumanizi na mambo ya wacheza sinema. Sibishi, hayo yamo, tena kwa vichwa vya habari vinavyosomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Lakini nikiulizwa ni gazeti gani lililowazoesha Watamili wa kawaida kusoma habari kila siku, nitalitaja hilohilo.

Magazeti ya Kitamili yalikuwapo zamani kabla yake. Swadesamitran la G. Subramania Iyer lilianza mwaka 1882, likawa la kila siku mwaka 1899, na katika kuwapinga wakoloni lilikuwa mstari wa mbele. Tatizo ni kwamba Kitamili cha vitabuni na Kitamili cha mdomoni vimeachana mno. Mkulima anayezijua herufi barabara angeweza kusoma habari nzima asiambulie kitu.

S. P. Adithanar aliligundua hilo. Alikuwa wakili aliyesomea Uingereza na kufanya kazi Singapore, kwa hiyo madoido ya lugha hayakumshinda. Aliyaacha kwa makusudi. Alianzisha Dina Thanthi mjini Madurai mwaka 1942, vita vimepamba moto, na Singapore yenye Watamili wengi imeshatekwa na Wajapani. Watu walikuwa na kiu ya habari. Waandishi wake aliwataka waandike kama watu wanavyosema, sentensi ziwe fupi, na kichwa cha habari kimshike mpita njia.

Gazeti likaingia kwenye vibanda vya chai, na huko ndiko lilikopata nguvu. Nakala moja huchambuliwa kurasa: huyu kashika siasa, yule michezo, na asiyejua kusoma anasomewa kwa sauti. Mauzo yamewahi kupita nakala milioni moja kwa siku, lakini wasomaji wa kibandani hao nani atawahesabu? Wengine huanzia katuni ya Sindbad, inayotoka kipande kwa kipande tangu miaka ya 1960 na mpaka leo safari haijaisha. Mhariri atakayethubutu kuikatisha aage nyumbani kwanza.

Dosari ninayoiona mimi ni nyingine kabisa. Adithanar alikuwa mwanasiasa. Alianzisha chama cha Naam Tamilar, baadaye akawa Spika wa bunge la jimbo mwaka 1967, kisha waziri. Sasa mwenye gazeti linalosomwa kila kijiwe akikaa serikalini, mwandishi gani wa gazeti hilo atamchimba? Na gazeti halikutoka kwenye ukoo: mwanawe, B. Sivanthi Adithan, aliliongoza tangu 1959 hadi alipofariki mwaka 2013. Wakosoaji wangelibana hapo ningekuwa upande wao. Wao wamekazana na Kitamili chake chepesi, kitu pekee ambacho mzee yule alikipatia tangu siku ya kwanza.