Filimbi ya Debussy ilitangulia ghasia za Stravinsky

Muziki wa kisasa wa Ulaya ukizungumzwa, watu wengi huanzia Paris, Mei 1913, pale ukumbi ulipojaa zomeazomea wakati Le Sacre du printemps, baleti ya mtunzi Mrusi Igor Stravinsky, ikipigwa. Ghasia husimulika vizuri. Mimi nashikilia kwamba mlango ulikwisha kufunguliwa zaidi ya miaka 18 kabla, katika jiji hilohilo, na ulifunguliwa na filimbi moja.

Tarehe 22 Desemba 1894 ilipigwa kwa mara ya kwanza Prélude à l'après-midi d'un faune, kazi ya okestra ya mtunzi Mfaransa Claude Debussy. Alichochewa na shairi la Stéphane Mallarmé kuhusu fauni, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, anayezinduka mchana wa joto asijue kama mabinti aliowaona ni wa kweli au wa ndotoni. Hakuna aliyezomea. Wasikilizaji walitaka irudiwe, ikarudiwa.

Sikiliza mwanzo wake. Filimbi inaanza peke yake, bila hata uzi mmoja wa kuisindikiza, kwenye do diezi (do iliyopandishwa nusu hatua), noti inayopigwa matundu karibu yote yakiwa wazi, ndiyo maana sauti yake ni ya hewahewa, kama haijakamilika. Inateremka taratibu hadi noti ya soli, inapanda tena, inarudia. Hapo huwezi kujua wimbo uko kwenye ufunguo gani, yaani noti ipi ndiyo makao yake. Vinubi na pembe vinajibu, halafu okestra nzima inanyamaza kwa mizani nzima, yaani kundi zima la mapigo! Mtunzi gani wa wakati ule angethubutu kunyamaza wakati hata dakika moja haijatimia?

Wako wanaolalamika kwamba kazi hii inaelea tu, haiendi popote. Nawaelewa, ila wanatafuta safari mahali pasipo pake. Kwa Beethoven wazo la muziki hukatwakatwa, hupambanishwa, hushinda. Debussy anairudisha filimbi na do diezi yake ileile, kisha anabadilisha akodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, zilizo chini yake. Noti ni ileile, lakini sasa ina joto. Ikirudi tena, ina huzuni. Rangi ya sauti ndiyo inayobeba maana, na hilo ndilo jambo jipya. Tarumbeta hakuna, tromboni hakuna, ngoma hakuna. Kazi nzima haizidi sana dakika 10.

Wapiga filimbi wengi hujitahidi kuumaliza ule mwanzo kwa pumzi moja, na kweli inahitaji kifua. Lakini nimesikia rekodi ambazo mpigaji anaharakisha ili hewa isimwishie, na fauni wake anaonekana ana miadi ya kuwahi. Bora avute pumzi katikati, aturudishie uvivu wa mchana ule.