Nilivyomtetea Wajackoyah Ukweni

Nyinyi mliochumbia mwaka 2022 mtanielewa. Kwenda ukweni kujitambulisha siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya ni kujitakia balaa, lakini tarehe ilishapangwa na wazee na ikishapangwa na wazee basi, hivo Jumamosi ya mwisho wa Julai mimi na mjomba wangu tukapanda matatu kutoka Mombasa tukashika njia ya Voi, koti nimepigisha pasi, sukari na unga na leso doti mbili za mama mkwe ziko kwenye mkoba, na kifurushi kimoja cha gazeti alichonipa mama yangu akaniambia hiki mpe mwenyewe mkononi usichanganye na unga. Nikakitia mfuko wa ndani wa koti.

Njia nzima mjomba wimbo wake ulikuwa mmoja. Siasa usiguse.

Na mchumba wangu alishanipa ramani ya nyumba yao. Babake ni askari mstaafu, Azimio wa kufa na kupona, ule muungano wa Raila Odinga, kofia ya Baba, ndiyo Raila mwenyewe, anavaa mpaka shambani. Mamake ni UDA, chama cha William Ruto, ana leso ya njano ya wilibaro, alama ya chama, na anaifua siku mzee yupo ili aione kwenye kamba. Yaani wanalala chumba kimoja lakini kila mtu na redio yake.

Sasa mimi nikapiga hesabu kwenye matatu. Kwenye karatasi ya kura kulikuwa na majina manne. Nikisema Raila mama mkwe ananinyima chai, nikisema Ruto mzee ananinyima binti. Wakili Mwaure wa chama cha Agano ni mtu mstaarabu sana ila kila ukimtaja mtu anauliza nani huyo, halafu unaanza kazi ya kumtambulisha yeye na wewe mwenyewe hujatambulishwa. Akabaki Profesa Wajackoyah wa chama cha Roots. Hana adui kwenye nyumba ile, watu wakimtaja wanacheka, nikaona huyu ndiye atanivusha. Na ukweli nisifiche, ile ahadi yake ya kufanya kazi Jumatatu mpaka Alhamisi nilikuwa nimeipenda toka moyoni.

Tukafika, tukapokewa vizuri, kimanga, chakula cha Wataita, kikaletwa, mjomba akala kama hajawahi kuona chakula. Mambo yanaenda sawa kabisa mpaka mtu akafungua tivii. Jumanne ya wiki ile ndio ulikuwa mdahalo wa wagombea kule Nairobi, ule ambao Raila hakwenda na Ruto akasimama jukwaani peke yake, kwa hivo taarifa ya habari ilikuwa bado inautafuna. Mama mkwe akasema mwanamume ni yule aliyejitokeza. Mzee akasema mtu mzima habishani na kila mtu. Mama akaleta habari ya hazina ya mahasla aliyoahidi Ruto, mzee akajibu kwa zile elfu sita za kila mwezi alizoahidi Raila kwa familia maskini, mama akauliza ule unga wa shilingi mia uliotangazwa na serikali iliyomuunga mkono Raila uko duka gani maana yeye hajauona, kimya kikaingia, halafu wote wawili wakanigeukia mimi. Si unajua ile kugeukiwa.

"Na wewe kijana, kura yako ni ya nani?"

Mjomba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikafikiri ananipa moyo.

"Mimi mzee ni wa Wajackoyah."

Kweli wakacheka. Mpaka mama mkwe alicheka, na mimi nikaona nimepatia, na hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza aombe maji ya kunawa. Lakini mzee akasema hebu tueleze kwa nini, na mimi ukiniambia nieleze jambo huwa sijui kuacha. Nikaanza na deni. Nikasema mzee, deni la nchi limepita trilioni nane, hawa wengine wanatuambia watalilipa kwa kodi zetu, profesa peke yake ndiye ana kitu cha kuuza nje. Mzee akauliza kitu gani. Nikasema bangi, ya kuuza nje, mambo ya dawa za hospitali. Kicheko kikapungua kidogo.

Nikaona nihamie kwa nyoka, ahadi nyingine ya profesa. Nikaeleza vile nyoka wanafugwa, wanakamuliwa sumu, sumu inatengenezewa dawa ya watu walioumwa na nyoka, pesa hizo. Kimya. Nikasema pia kuna fisi, kende zake wachina watanunua kwa bei ya juu sana.

Sasa mimi ni mtu wa Mombasa, fisi namjua kwa picha. Hawa wanakaa mlango na mlango na Tsavo. Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu.

"Fisi wametumalizia mbuzi mwezi uliopita hapo nyuma ya choo, na wewe unataka tuwafuge?"

"Si kuwafuga mama, ni kuvuna tu ile..." nikaangalia ile ninayotaka kuitaja, nikaangalia mama mkwe, sentensi ikafia hapo hapo.

Nikajaribu kurudi kwa mzee. Nikakumbuka kuwa profesa aliwahi kuwa polisi, nikasema kwa furaha kabisa, mzee huyu ni mwenzako, alikuwa Special Branch, wale polisi wa siri! Mzee akanitazama.

"Mimi nilikuwa trafiki."

Mjomba alikuwa ameshaanza kusogeza kiti chake polepole upande wa mlango, nilimwona kwa jicho la pembeni.

Nikaona bora niifunge mada na zawadi. Nikasema mama, kabla sijasahau, kuna kitu mama yangu amekutumia. Nikatia mkono kwenye koti nikatoa kile kifurushi. Naomba mfahamu kwamba tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 mama yangu hufunga vitu kwa gazeti, anakunja mrefu mwembamba, anasokota ncha mbili na kufunga uzi mweusi wa kushonea. Mimi nilikuwa sijawahi kukiangalia vizuri mpaka nilipokiona mbele ya macho ya polisi mstaafu, dakika chache baada ya kusifia bangi. Uzi ukanasa kwenye kifungo cha koti, nikavuta, gazeti likapasuka, majani makavu ya kijani kibichi yaliyokatwakatwa yakamwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza, mengine yakaingia kwenye kimanga.

Hakuna aliyepumua. Mchumba wangu akafunika uso kwa mkono.

"Ni mchaichai," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, hata mimi sikujiamini.

Mzee akainuka. Akavaa miwani, akachukua majani kidogo, akayasugua kwenye kiganja kwa kidole gumba, akanusa, akafunga macho, akanusa tena. Trafiki gani huyu jamani. Halafu akamwambia mkewe achemshe maji na mimi ninywe wa kwanza.

Nikanywa wa kwanza, moto moto, bila sukari, watu wazima wamenizunguka wananiangalia macho kama yatabadilika rangi. Mjomba alipoulizwa kama pale nyumbani kwetu kuna mti wa huo mchaichai akajibu kwamba yeye haishi na sisi. Mjomba wa tumbo moja na mama yangu! Mama mkwe ndiye aliyeniokoa, alionja, akasema ni mzuri unanukia, akaongeza kikombe.

Jioni shemeji mdogo akatusindikiza stendi. Mjomba alipokwenda kuuliza gari, kijana akanisogelea karibu, akaangalia huku na huku, akaninong'oneza, "Shem, ile ya kwenyewe umeiacha wapi?"

Tarehe 15 Agosti matokeo yakatangazwa pale Bomas, Ruto milioni saba na kitu, Raila sita nukta tisa, profesa kura 61,969. Nilijua mzee ana uchungu wake, nikazima data nisionekane. Akapiga simu ya kawaida. Hakunisalimia. Akasema, "Kijana, watu wenu wote mkiingia uwanja wa Kasarani wa watu elfu sitini mnajaa, na karibu elfu mbili mnabaki nje mnavuta," akakata.

Mahari tulikuja kuelewana baadaye, wazee walikaa vizuri hakuna aliyenitaja bangi. Ila karatasi ilipoletwa nisome nikaona mbuzi wamezidi wawili kuliko tulivyoongea, na pembeni yao mzee ameandika kwa mkono wake: fidia ya fisi.