Mizabibu ya Pwani Isipandwe kwa Ajili ya Mandhari

Ardhi inayotazama bahari uso kwa uso huvutia wanunuzi upesi, na kwa mizabibu mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote za jirani. Mgeni hufurahia kukaa pale na glasi mkononi, lakini mmea hupokea chumvi, mchanga na upepo usiopumzika. Msimamo wangu ni kwamba shamba lianzie nyuma ya kilima cha kwanza, mahali ambapo ubaridi wa bahari unafika lakini rasharasha ya mawimbi haifiki. Sehemu ya mbele iachiwe nyumba ya kuonjea mvinyo.

Tuanze na chumvi. Mzabibu huivumilia kwa kiasi tu: udongo ukipita 1.5 dS/m (desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi) mavuno huanza kushuka, na maji ya kumwagilia yanayozidi 1.0 yatakufikisha huko polepole hata kama udongo ulikuwa safi mwanzoni. Dalili yake ni kingo za majani kukauka na kuwa kahawia huku katikati pakibaki kijani. Wengi hudhani ni upungufu wa potasiamu, wanamwaga kloridi ya potasiamu, na kwa kufanya hivyo wanaongeza kloridi ileile inayounguza majani. Ukihitaji potasiamu pwani, tumia salfeti ya potasiamu. Maji ya kisima yapimwe kabla ya kuagiza miche, kisha yapimwe tena mwisho wa kiangazi, kwa sababu kisima kikivutwa sana huanza kuingiza maji ya bahari. Kipimo kikitia shaka, agiza miche iliyobebeshwa kwenye shina la 1103 Paulsen au Ramsey. Mashina hayo huzuia sehemu kubwa ya kloridi isipande juu.

Upepo ndio unaostahili fikra nyingi zaidi. Ukivuma kwa nguvu wakati wa maua, punje hazishiki vizuri na kichala kinabaki na mapengo. Ukizidi majani yakiwa yamekomaa, vinyweleo, yaani vitundu vya majani vya kupitishia hewa, hujifunga, na sukari inachelewa hata jua likiwaka. Hata hivyo usiukate kabisa, maana shamba la pwani lisilopitiwa na hewa ni shamba la kuvu. Ndiyo maana ukuta mzima haufai: hurusha upepo juu, kisha unaanguka upande wa pili ukiwa na misukosuko mibaya zaidi. Kinachofaa ni mstari wa miti unaopitisha karibu nusu ya upepo. Mstari huo hukinga umbali wa takriban mara 10 ya urefu wake, kwa hiyo miti ya mita 6 hulinda mita 60 hivi. Usiisogeze mno kwenye mizabibu, mizizi isije ikagombania maji.

Tazama wenye uzoefu walivyojibu swali hili. Kule Colares, Ureno, mizabibu hupandwa kwenye mchanga wenye kina kirefu na hukingwa kwa nyua za matete. Mchanga huohuo uliwaokoa na filoksera, mdudu aliyeteketeza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19. Santorini, kisiwa cha Ugiriki penye upepo mkali na mvua haba, tawi husokotwa chini liwe kikapu, na vichala vinakua ndani yake. Rías Baixas, Hispania, mvua ni nyingi, kwa hiyo mizabibu hupandishwa kwenye chanja za juu zenye nguzo za mawe ili hewa ipite chini ya vichala. Kunakili nguzo na nyaya za shamba la bara bila kwanza kupima upepo na unyevu wa mahali pako ni hasara utakayoilipa kila msimu.

Magonjwa nayo yana ratiba. Ubwiri vinyoya, ugonjwa unaohitaji majani yaliyoloa, uanze kuuhofia chipukizi zikifika sentimita 10, joto likipita nyuzi 10 na mvua ya milimita 10 ikishanyesha. Ubwiri unga hauhitaji majani yaliyoloa. Hewa nzito na joto la nyuzi 20 hadi 27 vinautosha. Salfa hufanya kazi nzuri dhidi yake, lakini ukiipulizia joto likiwa limepita nyuzi 32 itaunguza majani. Kuvu wa kijivu hukaa ndani ya kichala, hivyo dawa yake ipulizwe kabla punje hazijabanana. Zikishabanana, hakuna dawa itakayopenya. Kinachopunguza yote matatu ni mkono wa mtu: acha chipukizi 12 hadi 15 kwa kila mita ya mstari, na mara punje zinaposhika ondoa majani yanayozunguka vichala upande wa jua la asubuhi, ili umande ukauke mapema.

Nasema wazi pia kwamba pwani yenye bahari baridi isilazimishwe kutoa mvinyo mwekundu mzito. Cabernet Sauvignon isiyoiva vizuri hubaki na harufu ya pilipili hoho mbichi, na pipa haliiondoi. Afadhali Albariño, Chardonnay au Pinot Noir. Kwenye bahari yenye joto, tafuta aina zinazotunza asidi, kama Assyrtiko na Vermentino.

Kwa mvinyo mweupe, vuna kwenye Brix (kipimo cha sukari) 20 hadi 22, pH ikiwa 3.1 hadi 3.3; pH hupanda kadiri asidi inavyopungua. Vichala vilivyooza vitupwe palepale shambani, kwa sababu kuvu wa kijivu huacha kimeng'enya kinachogeuza maji ya zabibu kuwa kahawia, na salfaiti, dawa ya kuhifadhia mvinyo inayotoa dioksidi ya salfa, haikizuii kikamilifu. Kamua polepole, acha maji yatulie usiku mzima kwenye nyuzi 10 hivi, kisha yachachuke kwenye nyuzi 14 hadi 18.

Anayesubiri sukari ipande huku asidi ikishuka hulipia uamuzi huo ghalani. Kwenye pH 3.2, miligramu 20 hivi za dioksidi ya salfa huru, yaani isiyofungwa na mvinyo, kwa lita hulinda mvinyo mweupe vya kutosha. Kwenye pH 3.6 utahitaji karibu 50, na mnywaji ataanza kuisikia puani. Metabisalfaiti ya potasiamu, unga unaotumika kuiongeza, ina takriban asilimia 57 ya dioksidi hiyo, kwa hiyo gramu 9 kwenye lita 100 hutoa miligramu 50 kwa lita. Sehemu yake hufungwa na mvinyo, basi pima tena iliyobaki huru kabla ya kujaza chupa.