Hina, mchanga wa Mambrui na saa iliyomo ndani ya mawe

Kwenye hina ya binamu yangu hapa Malindi, shangazi aliushika mkono wa bi harusi, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hii imebanduliwa mapema." Binti aliyepaka akamjibu kwa adabu, "Hapana, mama, imelala nayo. Ni baridi ya feni tu." Kila mmoja alikuwa na hoja. Hina hukolea kadiri inavyokaa, na hukolea upesi zaidi penye joto. Kwa kuangalia rangi peke yake, huwezi kujua kipi kilipungua.

Wanajiolojia nao wana mjadala kama huo. Fuwele ya olivini, madini ya kijani, iliyomo ndani ya magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) ikifikiwa na magma mpya yenye chuma kingi, atomu za chuma huanza kuingia na za magnesiamu kutoka, ukingoni kwanza, kisha ndani zaidi. Volkeno ikilipuka, lava hupoa na uhamaji hukoma. Mpaka uliokuwa mkali umebaki na ukungu, na upana wa ukungu huo, unaopimwa kwa mikromita, ndio saa: unaonyesha muda uliopita tangu magma mpya ifike hadi mlipuko. Ukiwa mpana mara mbili, muda ni mara nne.

Wanaoitetea saa hii wanasema saa za mionzi, zinazohesabu kuoza kwa atomu, haziwezi kuhesabu wiki au miezi kabla ya mlipuko wa kale, hii inaweza. Anayekumbuka Goma, Mei 2021, lava ya Nyiragongo iliposhuka bila onyo la kutosha, anaelewa uzito wa kujua volkeno hujiandaa kwa muda gani.

Wenye shaka wanaanza na joto. Kwenye nyuzi 1,200 za Selsiasi, ukikosea nyuzi 50 tu, mwezi mmoja unaweza kusomeka karibu miwili. Tena ndani ya olivini atomu hupita mhimili mmoja kwa kasi ya takriban mara sita kuliko mingine, kwa hiyo ni muhimu fuwele imekatwa upande gani. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba huenda ukungu si wa uhamaji kabisa, ila fuwele ilikua huku magma ikibadilika polepole.

Hapo mimi nadai ushahidi wa elementi mbili zenye kasi tofauti. Ukungu wa uhamaji utakuwa mpana kwa yenye kasi na mwembamba kwa yenye mwendo wa polepole; ukungu wa kukua utalingana kwa zote. Bila jaribio hilo, muda uliosomwa kwenye fuwele moja siupokei.

Joto lina neno hata kwa saa za mionzi. Sasa chota mchanga wa Mambrui, kaskazini mwa Malindi, ule unaometameta kwa ulanga, madini ya vibapa vyembamba. Mto Sabaki, unaoitwa Galana na Athi huko juu, huusomba kutoka miamba ya bara, mingi yake ikiwa ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda wa miamba ya kale ya Afrika Mashariki, iliyopikwa miaka milioni 650 hadi 500 hivi iliyopita. Punje ya zirkoni, madini magumu, huishikilia risasi yake, metali inayotokana na urani ikioza, hata kwenye nyuzi 900, lakini ulanga mweusi huvujisha argoni, gesi inayotokana na potasiamu yake ikioza, mpaka joto lishuke karibu na 300. Mwanajiolojia Martin Dodson aliiwekea hali hiyo hesabu mwaka 1973. Kwa hiyo punje mbili za mwamba mmoja hutoa umri tofauti na zote zikawa kweli: moja inasimulia kuzaliwa, nyingine kupoa.

Ganeti, madini mekundu yaliyomo kwenye mchanga huohuo, ni habari nyingine. Imeshaachana na ulanga iliopakana nao mwambani, na ni kwa kuwalinganisha majirani hao ndipo joto lao hupimwa. Anayetaka kuisoma saa yake itambidi aufuate mto mpaka kwenye mwamba.