Nyasi juu, bomba chini

Sheria ya maji safi ya Marekani ya mwaka 1972 ilibana viwanda na majitaka ya miji, lakini maji ya mvua yanayotiririka kutoka mashambani, yakibeba udongo na mbolea, ikayaacha nje. Mzigo huo umebaki kwa majimbo, na kila moja linaubeba kivyake.

Minnesota ilichagua amri. Mwaka 2015, chini ya gavana Mark Dayton, ilitaka pembezoni mwa maziwa, mito na vijito kuachwe ukanda wa mimea ya kudumu, wastani wa futi 50, na futi 16.5 kando ya mitaro ya umma. Wakulima walikuja juu: ardhi yetu, kodi tunalipa sisi, halafu tusilime? Si hoja ya kupuuza. Ila amri haimwachi mkaidi mmoja achafue kijito ambacho jirani yake amekilinda.

Ohio ilitanguliza fedha. Agosti 2014 watu wapatao nusu milioni wa Toledo na viunga vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kisa sumu ya mwani wa Ziwa Erie, unaonawirishwa na fosforasi ya mbolea na samadi. Mwaka 2019 gavana Mike DeWine akaanzisha H2Ohio, mpango unaowalipa wakulima wabadili namna ya kuweka mbolea na kugharimia ufufuaji wa ardhioevu, yaani maeneo ya kinamasi. Hiari haileti ugomvi, na hilo si dogo. Hofu yangu ni kwamba wa kwanza kujiandikisha huwa ni yule aliyekuwa mwangalifu tangu zamani.

Lakini hebu tuiname kwenye ukingo wa mtaro. Juu nyasi zimeshiba, zinanasa udongo pamoja na fosforasi iliyong'ang'ania humo. Chini yake limechomoza bomba lililofukiwa ardhini kutoa maji ya ziada shambani, linamimina maji maangavu kama ya chemchemi. Lakini yamebeba naitreti, nitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini, nayo haina rangi. Imepita chini ya nyasi bila kuguswa. Hapo inafaa ardhioevu ndogo mdomoni mwa bomba: maji yakitulia kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza naitreti kuwa gesi ya nitrojeni, ikapotelea angani. Fosforasi yenyewe hairuki. Hubaki topeni, na tope likishiba huirudisha majini.

Ukanda wa nyasi mkaguzi anauona akiwa barabarani, kwa hiyo amri inautosha. Ardhioevu inataka kipande cha shamba la mtu, kuchimbwa na kutunzwa miaka mingi. Hiyo ilipiwe, tena pale bomba linapomwaga, si kwa kila aliyejaza fomu.