Ngumi Haitabiriki, Kasema Aliyechanikiwa Mkeka

Kuna mchambuzi mmoja wa redio, simtaji, ambaye wiki nzima kabla ya mabondia wa uzito wa juu, Oleksandr Usyk wa Ukraine na Daniel Dubois wa Uingereza, kurudiana pale Wembley, London, Julai 19, 2025, alituapia kwamba mzee Usyk anakwenda kustaafishwa. Miaka 38 kwa 27. Kilo 103 kwa 110 na ushee. Isitoshe, Dubois alishamlaza Anthony Joshua kwenye uwanja huohuo Septemba 2024, raundi ya tano tu, mbele ya watu 96,000. Hesabu imekamilika, akasema, kilichobaki ni kujua raundi. Kijiwe chetu kikaingia mzimamzima. Jamaa yangu mmoja, mtu na familia yake, akachukua pesa ya umeme akaiweka yote kwa Dubois, kwa KO, yaani amlaze Usyk. Usiku wenyewe Usyk akamwangusha Dubois mara mbili katika raundi ya tano, na mara ya pili kijana alikaa chini mpaka hesabu ikaisha. Jumatatu asubuhi, mchambuzi yuleyule, sauti ileile ya uhakika: "Ndiyo maana siku zote tunasema ngumi haitabiriki."

Hapana, kaka. Mbona wiki nzima ilikuwa inatabirika?

Hii kauli imenichosha. Inatolewa baada ya pambano tu, tena na mtu ambaye kabla ya pambano alikuwa na majibu yote. Akipatia, ni kipaji chake. Akikosea, ni tabia ya mchezo. Kazi ya aina hii na mimi naitaka, nipate tu mtu wa kunilipa.

Ninachosema ni kwamba uzito wa juu unatabirika sana, ila watu wetu wanatazama pasipo. Wanachukua bondia wawili, wanawasimamisha kwenye karatasi, halafu wanampa ushindi mwenye mwili. Urefu, urefu wa mikono, kilo, KO ngapi. Kama ingekuwa hivyo, Usyk asingekuwa na mkanda hata mmoja. Mwaka 2021 alikwenda uwanja wa Tottenham kukutana na Joshua, akaambiwa huyu ametoka uzito wa chini, ni mdogo, atapigwa mbavu mpaka akome. Majaji wote watatu wakampa yeye. Jeddah mwaka uliofuata, tena yeye, ingawa jaji mmoja aliona pambano lake mwenyewe akampa Joshua. Akaja Tyson Fury, sentimita 206 za mtu, pale Riyadh Mei 2024. Wakasema sasa ameyakanyaga. Akashinda. Desemba wakarudiana, majaji wote watatu wakaandika 116 kwa 112. Baada ya yote hayo, Julai 2025, bado kulikuwa na watu wazima wanasema "lakini ni mdogo." Jamani.

Mtazameni miguu. Usyk ni mashoto, mguu wake wa kulia uko mbele, na kila anaposogea anautua nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani. Ni hatua ndogo, hata kamera haiishughulikii. Lakini akishautua pale, yule mkubwa hawezi kurusha mkono wa kulia kwa nguvu mpaka kwanza ageuke, na akigeuka tu anakutana na mkono wa kulia wa Usyk unamgusagusa glavu, paji la uso, kifua. Haumizwi. Anasumbuliwa. Anageuka tena. Anafanya hivyo dakika tatu, anakwenda kukaa, anarudi kufanya hivyohivyo. Ukitaka kujua nini kinaendelea usihesabu ngumi, hesabu mara ambazo yule mkubwa amelazimika kupanga miguu upya. Kwa Fury, pambano la kwanza, raundi za katikati alikuwa anacheka na kufanya vituko, na watu wa kijiweni wakacheka naye. Raundi ya tisa akawa anagonga kamba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, refa akamhesabia. Raundi ileile moja ndiyo iliyoamua: jaji mmoja alimpa Usyk 115 kwa 112, wa pili 114 kwa 113, wa tatu akampa Fury 114 kwa 113. Toeni ile pointi moja anayokatwa aliyehesabiwa na refa, mpige hesabu upya, mtaona pambano linakuwa sare. Kwa hiyo wale waliosema Fury angeshinda hawakuwa mbali, hilo nawapa. Lakini sababu waliyoitoa, mwili, haikuwa na kazi yoyote usiku ule. Fury aliposhinda raundi alizishinda kwa akili na kwa ngumi za mwilini.

Na mizani je? Hapa ndipo ninapogombana hata na wanaonikubalia. Sisemi mizani ni bure. Mizani ni shahidi mzuri kuliko wote, ila tunamuuliza swali baya. Tunauliza nani mzito kuliko mwenzake. Tuulize huyu ni mzito kiasi gani kuliko yeye mwenyewe wa mara ya mwisho.

Chukueni Andy Ruiz. Juni 2019 pale Madison Square Garden aliitwa kuziba nafasi ya Jarrell Miller aliyenaswa na dawa za kuongeza nguvu. Dunia nzima ililicheka tumbo lake. Kilo karibu 122 na mwili wa mtu wa supu na chapati. Joshua akamwangusha raundi ya tatu, watu wakaanza kufunga vitabu. Ruiz akainuka, akamwangusha Joshua mara mbili ndani ya raundi ileile, akammaliza ya saba. Aliyekuwa amemwangalia Ruiz kabla ya hapo alijua kwamba ile mikono ni ya mtu wa kilo sabini, tumbo ni la kupotezea watu maboya. Sawa. Desemba wanarudiana Diriyah, Saudia. Siku ya kupima uzito Ruiz anapanda mizani: karibu kilo 129. Ameongeza saba. Joshua, kwa upande wake, amepunguza zaidi ya nne. Ndugu zangu, pambano lile liliisha pale juu ya mizani, kabla hata ya kuvaa glavu. Mtu aliyeongeza kilo saba hatamfukuza mtu aliyepunguza nne kwa raundi kumi na mbili. Joshua alizunguka ulingo kama mtu anayepunga upepo, akashinda kwa pointi bila wasiwasi, na Ruiz mwenyewe baadaye akakiri kwamba sherehe zilimshinda. Hili halikutabirika? Mizani ilikuwa hadharani, kwenye video, bure.

Bado hamjakubali, twende kwa Martin Bakole. Huyu wa Kongo wengi wetu tunamshabikia kwa damu, na mimi ni mmojawao. Agosti 2024 kule Los Angeles alimbomoa Jared Anderson, kijana ambaye Wamarekani walishamwandalia kiti, raundi tano tu. Alipima kama kilo 129 siku ile. Februari 2025 Dubois akaugua siku mbili kabla ya pambano lake na Joseph Parker pale Riyadh, Bakole akapigiwa simu, akapanda ndege. Aliposimama kwenye mizani ikasoma karibu 143. Kilo kumi na nne zaidi! Na kijiweni watu wanasema "mwili huo Parker atauweza wapi?" Parker aliuweza raundi ya pili. Mwili uleule tuliouona ni silaha ndio ulikuwa unatuambia kwamba huyu mtu hakuwa mazoezini, alikuwa nyumbani anakula kwa amani yake, na simsemi vibaya kwa hilo maana hakuna aliyemwambia ajiandae. Namsema aliyeiona ile namba akaongeza dau.

Francis Ngannou wa Kamerun ni hivyohivyo, kwa ufupi. Alimwangusha Fury mwaka 2023, Afrika nzima tukapanda juu ya meza. Tukasahau kuuliza Fury yule alijiandaa kiasi gani. Miezi minne na ushee baadaye Joshua akatujibu kwa kumlaza raundi ya pili, jibu refu kidogo kwa Ngannou kuamka nalo.

Najua mtakachoniambia sasa. Tokyo, Februari 1990, Mike Tyson na Buster Douglas, Douglas akipewa nafasi ya 42 kwa 1. Hapo nakubali, ila si kwa moyo mweupe. Nakubali kwa sababu kanda za Douglas zilikuwa zinasema uongo: kwa Tony Tucker mwaka 1987 alionekana kama mtu anayechoka kwanza rohoni halafu mwilini, na hakuna mizani ya kupima mwana aliyetoka kumzika mama yake wiki chache kabla. Lile lilikuwa ndani yake, hatukuwa na njia ya kuliona. Lakini upande wa Tyson je? Ameshamfukuza Kevin Rooney, mwalimu aliyemjua, tangu 1988. Jicho lilipoanza kufumba, watu wa kona yake hawakuwa hata na kile chuma cha baridi cha kukandamizia uvimbe. Walitia maji ya barafu kwenye glavu ya mpira, ile ya daktari, wakawa wanambandika nayo usoni. Bingwa wa dunia! Kona inayokwenda ulingoni bila kifaa hicho haikutegemea bosi wake aguswe, na habari za kona huwa zinavuja kabla kwa mwenye masikio. Tena kichekesho: Douglas alipomlaza raundi ya kumi, jaji mmoja alikuwa na Tyson mbele kwa pointi moja na mwingine ana sare. Majaji ndio hawatabiriki. Waulizeni mashabiki wa Lennox Lewis kuhusu ile sare na Holyfield, Machi 1999, ambayo wengi waliona Lewis ameshinda.

Kuna na suala la odi, zile namba za kampuni za kubeti. Watu wanazichukulia kama utabiri, wakati zinaeleza tu pesa ya watu imekwenda wapi na wanajua nini. Bondia wetu Hassan Mwakinyo alipopelekwa Birmingham Septemba 2018, alipelekwa kumpasha misuli Sam Eggington. Hata si uzito wa juu, najua, lakini nivumilieni. Waingereza hawakumjua, hawakumtazama, hawakuona sababu ya kumtazama. Raundi ya pili Eggington hakuwa na habari. Je, pambano lile halikutabirika, au hakuna aliyejisumbua kutafuta kanda kutoka Tanga?

Nikiwa hapohapo nyumbani: sisi tulicheka mpaka tukalia bondia Mandonga alipoipa ngumi yake jina la Sugunyo. Usyk baada ya kumlaza Dubois kwa mkono wa kushoto akaulizwa ile ngumi ni ipi, akasema inaitwa Ivan, na waandishi wa dunia nzima wakaandika kwa heshima zote. Sisemi kitu.

Ilipofika Agosti 2025 wimbo ukawa Moses Itauma. Alikuwa na miaka 20, Mwingereza, baba Mnigeria, mama Mslovakia, mashoto, mikono ya umeme. Mwezi huo alimwondoa Dillian Whyte raundi ya kwanza kule Riyadh, na mchambuzi wetu, aliyepona haraka kutoka kwenye "haitabiriki", akatangaza bingwa ajaye. Akataja Tyson, maana lazima atajwe Tyson.

Mimi kwa Itauma sitabiri, na siogopi kusema kwa nini. Mtoto ni hatari, macho ninayo. Lakini kila ninachohitaji kujua kuhusu bondia wa uzito wa juu huwa nakiona kuanzia raundi ya saba: mdomo umefunguka kiasi gani, mkono wa mbele umeshuka wapi, kona inamwambia nini naye anaitikia au anatazama sakafu. Mpaka Agosti 2025 Itauma alikuwa hajawahi kufika huko katika ngumi za kulipwa. Hata mara moja. Whyte alikuwa na miaka 37 na alishapigwa vya kutosha katika maisha yake. Kumlaza kunanionyesha ngumi ya kijana, hakunionyeshi mapafu yake. Mleteeni mtu mgumu asiyeanguka mapema, Parker au mwingine wa aina hiyo, amvute mpaka raundi ya nane, halafu njooni na swali lenu. Kabla ya hapo mkitaka kuweka pesa ya umeme, wekeni.